Gari la Saba

Aliyeuchora mtaa wetu, hapa Malta,
alipima punda mmoja na mzigo wake.
Hakuota kwamba Wistin wa namba kumi na mbili
angekuja kuwa na magari saba.

Nayahesabu kila nirudipo, kama adaiye:
lake, la mkewe Ritienne, pikapu ya rangi ya ukuta,
mawili ya mabinti, moja la kuuza lisilouzika,
na la saba, chini ya turubai la kijivu,
la Clayton, aliyekwenda Melbourne kwa miezi sita
na huu ni mwaka wa nne.
Halijasogea. Magurudumu yamekaa kitako.
Paka wa Koncetta huzalia chini yake.

Mimi natoka zamu ya usiku wodini, nyayo zinawaka,
nazunguka: kanisani, kwa mwokaji, tena kanisani,
hatimaye naegesha kando ya makaburi
na kutembea robo saa nikimlaani mtu
ambaye mama yake alinifundisha kufunga kamba za viatu.

Maneno yalianza kwa heshima. Karatasi kwenye kioo: tafadhali.
Kisha karatasi bila tafadhali.
Kisha Koncetta, mjane, asiye na gari wala leseni,
akaweka mlangoni kwake ndoo iliyojaa saruji,
mpini wa ufagio umesimama katikati.
"Nafasi hii ya nani?" Wistin akauliza.
"Ya hewa," akajibu, akafunga dirisha.

Yakaja mayai. Ukaja msumari,
Ritienne akipapasa mchirizi mlangoni mwa gari
kama anayetafuta mwanzo wa uzi.
Wakaja askari wa maegesho, saa moja asubuhi, na faini sita,
mtaa mzima ukauliza kwa sauti: nani kapiga simu?
Nami nikauliza nao, kwa sauti kuliko wote.

Nilikuwa mimi.

Julai, wiki ya mtakatifu, amri hutoka parokiani:
barabara iwe tupu kabla ya saa kumi.
Sanamu ni ya mbao, wabebaji wanane,
haijui kupita upandeupande.
Sita yakaondoka. La saba, betri imekufa,
ufunguo unazunguka kama kijiko kwenye kikombe kitupu.

Wistin akasimama na turubai mkononi, amelikunja vizuri
kama tunavyokunja shuka la mgonjwa aliyeondoka.
Hakuomba. Huyu hata Mungu hamwombi, humwarifu.
Tukaenda tu: mume wa Dorianne, wa mayai,
Toni wa msumari (hakuna aliyewahi kumtaja, wote twajua),
nami nikashika kona ya nyuma, penye taa.
Yeye akaingia kushika usukani.

Tukasukuma. Mipira ikapiga lami pa, pa, pa.
Kwenye kioo cha ndani nikayaona macho yake,
hayakutazama mbele alikokwenda.
Yalitazama kiti cha pembeni:
chupa ya maji, nusu, ya miaka minne,
na kofia.

"Polepole! Paka!" Koncetta alipiga kelele kutoka juu.
Watoto watano wakabaki wazi juani,
wasijue dari yao imekwenda wapi.

Usiku ule mtaa ulikuwa mpana hadi tukaona haya.
Tulileta viti tukakaa katikati, tusijue pa kuweka mikono,
na kwenye mawe, alipokuwa gurudumu la mbele la kulia,
mistari ya chaki ya mafuta, ya mchezo wa kuruka,
ilionekana bado, namba moja hadi nane.
Ritienne akairuka yote, kwa viatu vya misa.

Jumatatu yakarudi yote saba.
La Clayton tulilisukuma tena, kinyumenyume,
safari hii mtu akaleta pampu.
Ndoo nayo ikarudi. Mimi naegesha makaburini.

Juzi Wistin alinishika bega pale kwa mwokaji,
akaniuliza, kwa upole, kama nimewahi kujua
nani alipiga simu ile.
Nikamwambia paka wamekua.